Mbuzi Aliyeletwa na Pikapu Ile Ile

Aliyenivunja mguu ni mwenyekiti wa kikundi chetu. Naanza na hilo kwa sababu kwa miaka mitatu sikulisema, na watu wengi wa Donholm na Buruburu mpaka leo wanaamini niligongwa na matatu ikatoroka. Hakukuwa na matatu. Ilikuwa pikapu nyeupe ya mwenyekiti, na mwenyekiti mwenyewe ndiye aliyeshika usukani kwa mkono mmoja. Mkono wa pili ulikuwa nje ya dirisha na simu, anatupiga video.

Wa pili wa kulaumiwa ni wazee wanne wa kamati ya watu wa nyumbani. Wa tatu nitamtaja nikimfikia.

Wakati huo nilikuwa nasambaza mikate kwa baiskeli. Alfajiri napakia sanduku la bati pale Industrial Area, nazungusha vioski vya Mukuru kwa Reuben, ninakoishi, halafu Donholm, halafu Buruburu, sanduku likiisha narudi kupakia tena. Kuogelea nilijifunza utotoni kwenye machimbo ya mawe, yale mashimo yanayojaa maji ya mvua na kumeza mtoto wa mtu karibu kila mwaka. Kukimbia sikufundishwa na mtu. Ukichelewa kwenye geti la kiwanda, nafasi yako ya kibarua inachukuliwa na aliyekimbia.

Kwa hiyo mteja wangu mmoja wa Buruburu, karani mstaafu, aliponiambia kuna watu wanaogelea, wakitoka majini wanapanda baiskeli, wakishuka baiskeli wanakimbia, yote kwa mpigo mmoja, na mchezo wenyewe unaitwa triathlon, nilimuuliza, "Wamefanya kosa gani?"

Alicheka sana huyo mzee. "Njoo Jumapili uone," akasema. "Wewe unafanya theluthi mbili kila siku na hakuna anayekupigia makofi."

Nilienda kuangalia nikabaki. Kikundi kilikuwa cha watu kama kumi na tano, wengi watu wa kwetu Ukambani, makarani na madereva, na wengine wa kutoka Mkoa wa Kati, mafundi na wafanyabiashara. Mwenyekiti ni mtu wa kwetu. Ana duka la vifaa vya ujenzi Donholm, ana kitambi kidogo, haogelei wala hakimbii. Lakini ana pikapu, na pikapu ndiyo iliyompa kiti. Kazi yake ilikuwa kutembea polepole nyuma ya mwendesha baiskeli wa mwisho, taa zikimetameta, ili malori ya barabara ya Outer Ring yasitufagie. Tulikuwa tunaiita mlinzi.

Mwaka wangu wa pili nilimaliza wa tatu, na waliokuwa mbele yangu wote wawili ningeweza kuwazaa. Spika zilitangaza. Mke wangu alikuwa pale na chupa ya uji, akapiga kigelegele mpaka watu wa hoteli tunayofanyia mashindano wakatoka jikoni. Sijawahi kutangazwa kwenye spika kabla ya siku hiyo. Niliacha shule darasa la sita, na hata huko jina langu lilikuwa linasomwa tu wakati wa kufukuzwa kwa kukosa karo.

Basi Jumapili moja ya mazoezi, kumepambazuka tu, tunashuka kuelekea Donholm. Mimi nilikuwa wa mwisho kwa sababu cheni iliruka nikasimama kuirudisha. Nyuma yangu nikasikia mkanda wa injini wa ile pikapu. Ulikuwa mkanda uliolegea, unalia kama paka aliyekanyagwa mkia, na kila siku tulimwambia mwenyekiti aubadilishe na kila siku alisema kesho. Nikasikia pia sauti yake akiongea na simu: "Na huyu hapa ndiye simba wetu wa mikate, oneni miguu hiyo!" Nilikuwa natabasamu. Hilo ndilo linaloniuma kuliko chuma kilichomo pajani. Bampa ilinikuta natabasamu.

Mfupa wa paja ulivunjika mara mbili. Nililala kwenye lami nikiona gurudumu langu la nyuma likizunguka lenyewe, na mwenyekiti amenipigia magoti, analia machozi ya kweli, sitamnyima hilo. "Ndugu yangu, ndugu yangu," alikuwa anasema. Halafu machozi yakiwa bado yanamtiririka akaniinamia sikioni. "Tuseme ni matatu. Matatu ilikugonga ikatoroka. Mimi nitakushughulikia, lakini tuseme ni matatu."

Hospitalini nesi aliuliza, mwenyekiti akajibu. Askari alikuja na daftari, mwenyekiti akajibu. Askari akanigeukia: "Mzee, ni hivyo?" Nikatikisa kichwa kukubali. Ningeweza kusema ni maumivu. Ukweli ni kwamba nilifikiri: huyu ni mtu wa nyumbani, hili ni jambo la nyumbani, askari atalifanyia nini?

Wiki ya sita, nimerudi nyumbani na magongo, kamati ikaja.

Lazima nieleze kamati hii ni nini, maana asiyeishi mjini mbali na kwao hawezi kuelewa tunavyoiogopa. Ukifiwa, kamati ya watu wa nyumbani ndiyo inayosafirisha maiti. Inatafuta gari, inatafuta jeneza, inakaa na wafiwa. Ukifukuzwa kwenye kamati, siku utakayokufa utalala mochari mpaka mke wako aote mvi. Na kamati hiyo ina njia yake ya kumaliza kesi. Aliyekosa analeta mbuzi nyumbani kwa aliyekosewa. Mbuzi anachinjwa hapo hapo mlangoni. Aliyekosewa anapewa maini kwanza, anakula mbele ya wazee, na akishameza, neno limekwisha. Halitajwi tena, si kortini, si kanisani, si kwenye pombe. Atakayelitaja baada ya kula, yeye ndiye mkosaji mpya.

Walikuja Jumamosi mchana wazee wanne na mwenyekiti. Mbuzi walimleta kwenye pikapu ile ile.

Mke wangu alikuwa anafua nje. Aliitazama gari, akatazama bampa iliyokuwa bado imebonyea, akatazama mbuzi amefungwa nyuma anakula katoni.

"Shikamooni wazee," alisema.

"Marahaba, mama. Tumekuja kutengeneza."

"Kutengeneza gari?"

Mzee mmoja, yule mkubwa wao, mwenye mazoea ya kunyonya jino kabla ya kusema, alinyonya jino. "Kutengeneza undugu, binti yangu. Tuwekee maji motoni."

"Maji yapo, mzee. Kuni zipo. Lakini leo mpike wenyewe. Mikono yangu ina sabuni."

Wakapika wenyewe. Wazee wazima, makoti yamekunjwa mikono, wanapuliza moto kwenye ujia wa mabati huku majirani wakichungulia na kuuliza kama kuna harusi. Mwenyekiti alikuwa anageuza nyama na kijiti, haniangalii. Maini yakaiva. Mzee mkubwa akayaleta kwenye sahani ya bati, akakaa kwenye kitanda changu, karibu na mguu wangu wenye plasta.

"Kula, kijana wangu." Nilikuwa na miaka arobaini na tatu. "Mwenzako amekiri mbele yetu. Amelia. Anataka nini tena Mungu kwa mtu?"

Nilikula. Yalikuwa na chumvi nyingi na majivu kidogo, na nilikuwa na njaa, kwa sababu tangu nianguke mikate ilikuwa inasambazwa na mtu mwingine na nyumbani tulikuwa tunaishi kwa kazi yake mke wangu ya kufulia watu Buruburu. Nilimeza. Wazee wakapumua wote pamoja, kama watu waliotua gunia.

Halafu wakamwita mke wangu, maana wa nyumba pia hula. Akasimama mlangoni, mkono shavuni.

"Jino linaniuma, wazee."

"Kipande kidogo tu, laini."

"Hata uji leo haupiti."

Walitazamana. Mzee mkubwa akanyonya lake, lililo zima, akasema haidhuru, mwenye mguu ameshakula. Wakaondoka. Pikapu ilipowashwa, mkanda ulilia mpaka mwisho wa ujia. Mke wangu akatoa mkono shavuni akaenda kumalizia kufua.

Sikumuuliza kuhusu hilo jino, na yeye hakuniambia.

Mguu uliungana vibaya. Umekuwa mfupi kwa upana wa vidole viwili, na fundi wa viatu ananiongezea vipande vya tairi chini ya soli ya kushoto ili nisitembee kama mtu anayepanda ngazi. Baiskeli ya mikate sikuweza tena. Sasa hivi mimi ni soja kwenye geti la kiwanda kimoja cha Industrial Area. Nafungua, nafunga, naandika namba za malori. Mwenyekiti alikuja kunitembelea mara mbili baada ya mbuzi. Mara ya pili alileta video ya mashindano ya mwaka huo nione wenzangu walivyofanya. Nilipoona yeye mwenyewe kwenye ile video, na maiki mkononi, anawaambia wageni, "Tumkumbuke ndugu yetu aliyegongwa na matatu, madereva wa nchi hii hawana utu," nilirudisha simu nikamwambia kichwa kinaniuma.

Hapo ndipo nilipoamua kurudi kwenye mbio.

Watu walidhani ni ushujaa. Karani wangu mstaafu aliniambia, "Wewe ni mfano." Mfano wa nini? Mimi nilikuwa nataka kitu kimoja. Kwenye kikundi chetu kuna desturi: anayerudi baada ya kuumia, akimaliza mbio, anapewa maiki aseme neno kabla ya chai, na hakuna anayemkatiza. Hata akiongea upuzi anapigiwa makofi. Mimi nilitaka hiyo maiki. Nilikuwa na sentensi moja: Hakukuwa na matatu, mwenyekiti ndiye alinigonga. Niliifanyia mazoezi kuliko mguu. Niliyaambia malori pale getini, madirisha yamefungwa, dereva anafikiri namsalimia.

Kuhusu maini niliyomeza, nilijiambia kwamba mtu aliyelishwa akiwa na njaa na plasta hakulishwa sawasawa. Nilijiambia hivyo mara nyingi sana. Jambo unaloliamini hulirudii namna hiyo.

Mke wangu nilimwambia nia yangu jioni moja tukichambua mboga. Alichambua majani kama kumi hivi kwanza.

"Utaogelea na chuma?" akauliza.

"Chuma hakina uzito majini."

"Na maiki ina uzito?"

Nikachukua jani lingine.

Kurudi kulikuwa kugumu kwa njia ambazo sikuzitegemea. Bwawa la hoteli, upande wa Buruburu, ndilo lililonipokea vizuri. Majini miguu yote ina urefu mmoja. Kukimbia kulikuwa kero lakini kero ya kawaida, jasho na kuchechemea, na watoto wa mtaa wakinifuata: "Buda, mzee wetu, kiatu kimoja kimelewa!" Tatizo lilikuwa baiskeli. Mguu uliweza. Masikio ndiyo yaliyokataa. Gari lolote likija nyuma yangu mabega yalipanda yenyewe, mikono ikakamata breki, nikajikuta nimesimama kando ya barabara. Nilijifunza kuimba ili nisisikie. Nyimbo za kanisani, kwa sauti mbaya, kuanzia Mukuru mpaka Donholm na kurudi. Soja mwenzangu aliniuliza kama nimeokoka.

Siku yenyewe tulianza saa moja na nusu asubuhi. Mizunguko ishirini ya bwawa, kilomita ishirini za baiskeli, tano za kukimbia ndani ya mitaa ya Donholm mpaka uwanja wa kuegesha magari wa hoteli. Mwenyekiti alitangaza kwamba spika zitazimwa saa nne kamili, maana hoteli ilikuwa na harusi mchana na mahema yalikuwa yakisubiriwa. Atakayefika baada ya saa nne atapata medali na chai, hotuba hakuna. Nilihesabu. Nikienda vizuri, ningefika saa nne kasorobo.

Majini sikuwa wa mwisho. Nilitoka nikiwa na watu watano nyuma yangu, nikavaa kofia ngumu, nikafunga kiatu changu cha tairi, nikaondoka nikiimba. Lakini watano wale walikuwa na miguu miwili kamili na baiskeli nyepesi. Kufikia kilomita ya sita wote walikuwa wamenipita. "Pole mzee!" "Twende baba!" Wa mwisho kunipita alikuwa mwalimu wa chekechea, mama mnene, ameketi wima kama yuko kanisani. "Shemeji, nikungoje?" akauliza. Nikamwambia aende.

Na hapo, kwa kuwa sasa mtu wa mwisho ni mimi, nikausikia ule mkanda.

Miaka mitatu na hakuwa ameubadilisha.

Niliimba kwa nguvu zaidi. Haikusaidia. Ule mlio uliingia katikati ya wimbo. Nikaona lami ile, nikaona gurudumu likizunguka lenyewe. Nikashika breki, nikashuka, nikasogea kwenye vumbi la kando, nikampungia mkono apite.

Pikapu nayo ikasimama, hatua kumi nyuma yangu, taa zikimetameta.

"Pita!" nikasema.

Alitoa kichwa dirishani. "Siwezi, ndugu yangu! Wewe ndiye wa mwisho. Mlinzi hapiti wa mwisho, si unajua sheria?"

"Pita nakwambia!"

"Nikikuacha malori yatakumeza. Nataka nikulinde."

Niseme ukweli, alikuwa na uso wa mtu anayemaanisha. Nafikiri alikuwa amesahau. Hakusahau kwamba alinigonga, hilo hapana. Lakini alikuwa amesahau kwamba mimi nakumbuka. Alikuwa amelipa mbuzi, mbuzi ameliwa, na kwake yeye barabara ilikuwa safi kama imefagiliwa.

"Ama upande nyuma," akasema kwa upole. "Umejaribu, kila mtu ameona. Baiskeli tutaitupa hapo nyuma, medali nitakupa mimi mwenyewe."

Hapo nyuma ndipo mbuzi alipofungwa.

Waendesha pikipiki wa stendi iliyokuwa ng'ambo walikuwa wanatazama. "Buda, unangoja abiria?" mmoja akapiga kelele. Wengine wakacheka. "Mzae ameishiwa mafuta!" "Mzae, sisi tukubebe kwa bei ya jioni!"

Sijui nilisimama pale muda gani. Dakika nane, kumi. Nilikuwa naziona dakika za maiki zikitiririka kwenye vumbi. Kisha nikapanda. Hapa niseme haki: sikupanda kwa ujasiri. Nilipanda kwa hasira kwamba nitalindwa tena na huyo. Kilomita kumi na nne niliendesha mbele ya bampa ile, mgongo wangu wote umekuwa sikio, na kila nilipopunguza mwendo alipiga honi mbili ndogo za kunitia moyo. "Kaza, simba! Tuko nyuma yako!"

Nilishuka kwenye baiskeli nikakuta suruali imelowa. Si jasho lote. Mke wangu alikuwa pale kwenye kamba ya watazamaji, ameshika chupa ya uji na ndala zangu. Aliona. Akanimwagia maji ya kunywa kiunoni haraka haraka, kama ananipoza jua, ili watu wasijue. "Kimbia," akasema.

Nilikimbia. Sitaelezea kukimbia. Vipande vya tairi viliachana na soli kwenye kilomita ya tatu, nikavibeba mkononi, nikamaliza nikipanda ngazi isiyokuwepo. Watu waliokuwa wanatoka ibada ya kwanza walinipisha njia.

Nilipoingia uwanjani ilikuwa saa nne kasoro dakika sita. Niliiona saa ya ukutani ya hoteli kwa macho yangu. Watu wakasimama. Makofi, vigelegele, karani wangu mstaafu anafuta miwani. Mwenyekiti alikuwa ameshashuka kwenye pikapu na maiki iko mkononi mwake.

"Ndugu zangu!" akasema. "Miaka mitatu iliyopita huyu aligongwa na matatu ikamwacha barabarani kama mbwa. Nani alimwokota? Sisi! Nani leo amekuwa nyuma yake hatua kwa hatua? Sisi! Ndugu yangu, sema neno."

Akaniwekea maiki mkononi. Ilikuwa ya moto kutoka mkononi mwake.

Chini ya hema, kwenye viti vya plastiki, wale wazee wanne walikuwa wamealikwa kama kila mwaka. Mzee mkubwa alikuwa na kikombe cha chai. Hakunitisha, hakufanya chochote. Alinyonya jino, akaniangalia, kama vile anavyoniangalia kwenye matanga.

Nilikuwa na ile sentensi. Nilikuwa na dakika nne. Nikafungua mdomo na kilichokuja ni ladha ya majivu na chumvi. Nikaona jeneza langu mochari. Nikawaona watoto wangu wakizunguka kutafuta gari. Na nikasikia sauti yangu, kubwa, kwenye spika zote mbili, ikisema:

"Namshukuru Mungu. Na namshukuru mwenyekiti."

Huyo ndiye mkosaji wa tatu niliyesema nitamtaja. Ni mimi.

Walipiga makofi sana. Mwenyekiti alinikumbatia. Juu ya bega lake nilimwona mke wangu anakuja. Alitembea tu, taratibu, ndala zangu bado ziko mkononi. Akaniondolea maiki mkononi kama unavyomwondolea mtoto kisu.

"Mimi sikula," akasema.

Watu wakacheka, wale wa kutoka Kati zaidi, maana walidhani anadai chai. "Mama ana njaa! Mpeni mandazi!" mmoja akasema. "Ambao hatujala ni wengi, mama, panga laini ya chai!"

Yeye hakucheka. Alikuwa anawaangalia wazee. "Siku ile mlileta mbuzi nyumbani kwangu. Nilisema jino linaniuma. Halikuwa linauma. Sikula, na mnajua sikula. Kwa hiyo mimi mdomo wangu uko wazi. Hiyo matatu mnayosema—"

Spika zikakatika. Mwenyekiti alikuwa amesimama kando ya jenereta. "Saa nne," akasema kwa sauti kubwa, anaonyesha ukuta. "Saa nne, jamani, watu wa harusi wanangoja."

Ilikuwa kweli saa nne.

Mke wangu aliendelea kusema bila maiki, lakini watu walikuwa wameanza kusogeza viti, na mtu wa hoteli alikuwa anakung'uta vitambaa vya meza. Waliomsikia ni kama watano. Karani wangu mstaafu alimsikia. Alivua miwani, akanitazama mguu, akatazama bampa ya pikapu, akavaa miwani tena, akaenda kuchukua chai yake. Wazee walisikia. Mzee mkubwa aliweka kikombe chini ya kiti na hakukichukua tena.

Tulirudi Mukuru kwa miguu, mke wangu anasukuma baiskeli, mimi na ndala na medali. Nilikuwa nangoja anitukane. Pale tunapovuka reli alisema tu, "Ulikuwa nayo mkononi." Baada ya hapo aliongea mambo ya unga.

Wiki mbili baadaye wazee wawili walikuja, bila gari. Mke wangu alikuwa kazini Buruburu. Walikaa kitandani pale pale.

"Kuna mtu katika nyumba hii hakula," mzee mkubwa akasema. "Neno liko nusu. Tunataka kuleta mbuzi mwingine. Ongea na mkeo, wewe ndiye kichwa."

Niliwaambia siwezi kumlisha mtu asiyetaka. Halafu, kwa kuwa hakukuwa na maiki wala watu, kwa kuwa nilikuwa nimekaa na mguu umenyooshwa kama siku ile, ile sentensi ikatoka yenyewe, nzima, kama nilivyoyaambia malori. "Hakukuwa na matatu, wazee. Mwenyekiti ndiye alinigonga."

Nikangoja dunia ianguke. Mzee alinyonya jino.

"Tunajua," akasema. "Si ndiyo maana tulikuletea mbuzi?"

Wakaamka, wakapangusa suruali, wakasema watarudi mke wangu akiwepo. Bado hawajarudi. Yeye anasema waje, maji yapo na kuni zipo. Mwenyekiti bado ni mwenyekiti, na mkanda wa pikapu nausikia Jumapili asubuhi nikiwa getini, unapita na wenzangu mbele yake.

Wazee wanajua. Mwenyekiti anajua, na mke wangu anajua kuliko wote. Nimewaandikia ninyi wengine, mliokuwa mnasogeza viti.